Mjomba, Jumamosi nilipanda boti

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu simu ungeikata pale tu ningetaja ziwa. Mama hakutaka uambiwe, lakini sijazoea kukuficha jambo.

Tangu Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imeshakaribia Mwanza, hujakanyaga chombo cha majini. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 ulinipigia simu ukicheka kwa furaha, maana sasa unafika Sengerema bila kupanda kivuko. Sijakulaumu hata siku moja. Nataka tu nikuletee nilichokiona, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha majina ya ndege nikiwa darasa la tatu, tumekaa juu ya mawe pale Capri Point.

Tulikuwa watu tisa, kila mmoja na jaketi okozi lake, na nahodha hakuwasha injini mpaka alipokagua mikanda yote kwa mkono wake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza.

Tulipita Jiwe la Bismarck. Ukilitazama kutoka majini, si lile la kwenye kalenda. Minandi walikuwa wamejipanga juu yake wamekunjua mbawa wanaanika manyoya, na mawe yamekuwa meupe kwa vinyesi vyao. Karibu na hapo mdiria, yule wa madoa meusi na meupe, akasimama hewani mbele yetu. Mbawa zilipiga mpaka huzioni, kichwa kimetulia tuli. Halafu chubwi! Akaibuka na kisamaki kinang'aa, akatua kwenye mtumbwi uliotia nanga, akakipigiza ubaoni mara tatu, nne, ndipo akakimeza akianzia kichwani. Mjomba, nilisikia ule mlio wa samaki kugonga ubao.

Kisiwani Saanane hatukukaa sana. Bustani ya wanyama uliyopelekwa na shule, ile iliyoanzishwa 1964, ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013. Swala pala wanajilia majani, pimbi wanaota jua. Mimi nilinasa kwa mjusi wa mawe: dume, kichwa na mabega mekundu kama yaliyochovywa rangi, mwili uliobaki wa buluu iliyokolea. Alikuwa akiinua kifua na kukishusha, akiwatisha wenzake wasimsogelee. Kumbe wataalamu wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae. Miaka yote tunawafukuza kwenye kuta za nyumba, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Alasiri upepo ulianza kuinua mawimbi, nahodha akageuza boti mapema bila kubishana na mtu. Hapo moyo ulinidunda, nikakuwaza. Nikashika ubao kwa mikono miwili.

Ndipo furukombe akalia, kichwa amekitupa nyuma kabisa, kifua cheupe kimetuna. Ulinifundisha kwamba akilia mmoja, tunyamaze tumsubiri mwenzake. Nikawaomba wote wanyamaze. Wa pili akajibu kutoka Capri Point, upande wa mawe yetu.

Jumamosi hii nitakuwa pale kuanzia saa kumi, nchi kavu, na chupa ya chai. Njoo tukae.

Mpwa wako