Mbunge wangu alisema ndiyo au siyo? Hansadi haijui

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Kigoma. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, maana hili jambo tumelizungumza sana kijiweni hapa Mwanga, kila mtu anakubali, halafu tunarudi kwenye mambo ya Simba na Yanga kama kawaida. Jambo lenyewe ni hili: mwananchi akitaka kujua mbunge wake alipiga kura gani kwenye muswada fulani, hawezi. Sisemi ni ngumu, nasema hawezi, maana mara nyingi haijaandikwa popote.

Najua wapo watakaosema mbona siku hizi kila kitu kipo mtandaoni. Vipo vingi kweli, na watu wa Ofisi ya Bunge nawapa hongera yao. Kwenye tovuti yao ukibonyeza jina la mbunge unakuta alisoma wapi, alifanya kazi wapi, ameuliza maswali ya msingi mangapi, ya nyongeza mangapi, amechangia mara ngapi. Hansadi nazo, yaani kumbukumbu rasmi za kila kinachosemwa bungeni, zipo za miaka mingi, unashusha bure, wewe tu na bando lako. Nawashauri vijana wajaribu hata mara moja badala ya kusubiri klipu za wasapu.

Sasa fungua Hansadi ya siku muswada unapitishwa, shuka mpaka mwisho wa mjadala ambako Waziri anatoa hoja. Utakuta kwenye mabano imeandikwa "Hoja ilitolewa iamuliwe", halafu chini yake "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Basi, imeisha hiyo. Mle ukumbini kilichotokea ni Spika kauliza wanaoafiki waseme ndiyo, ukumbi ukaitikia ndiyoooo, akauliza wasioafiki, wakasikika wawili watatu au kimya, akasema walioafiki wameshinda, wakaendelea na mengine. Nani alisema ndiyo, nani alisema siyo, nani alikuwa kantini anakunywa chai, hakuna ajuaye. Na kinachonichekesha, Hansadi hiyo hiyo haikosi kuandika "Makofi", haikosi kuandika "Kicheko", kuna mahali wanaandika "Makofi/Kicheko" vyote viwili kwa pamoja. Yaani watu walipocheka kumbukumbu ipo, walipotuamulia maisha yetu kumbukumbu inasema tu imeafikiwa.

Mfano upo mwingine wa kuuma zaidi ya tozo za miamala ya simu? Zilikuja na Sheria ya Fedha ya 2021, zikaanza kukatwa tarehe 15 Julai mwaka huo, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kutegemea unatuma au unatoa kiasi gani. Huku kwetu, ambako mtu anamtumia mama yake Kakonko elfu ishirini ya unga na ya dawa, tulilia sana, na haikupita miezi miwili Serikali ikatangaza kupunguza kwa asilimia 30, na miaka iliyofuata zikapunguzwa tena. Kelele zilipopanda, ghafla hukupata mbunge wa kusema mimi niliiunga mkono. Kila ukimuuliza mtu anakwambia walikuwa wengi, mimi nilitahadharisha. Inawezekana kweli alitahadharisha, inawezekana aliitikia ndiyo kwa sauti kuliko wote, utamkamata kwa lipi?

Kuna sehemu ambako majina yanaitwa kila mwaka, nayo ni bajeti kuu ya mwezi Juni. Pale makatibu wanaita mbunge mmoja mmoja, anasimama anajibu ndiyo, au hapana, au hana uamuzi, na hesabu inatangazwa. Nzuri, lakini angalia mtego uliopo. Katiba yetu Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali, sasa mbunge gani atasema hapana halafu arudi jimboni kuomba kura upya kabla ya wakati wake? Isitoshe bajeti ni mzigo mzima, ndani mna barabara, mna dawa, mna mishahara na mna kodi mpya, ukisema ndiyo umemeza vyote, hivyo ile kura haikwambii chochote kuhusu kodi moja moja. Kwa maana nyingine wanaita majina pale ambapo jibu linajulikana, na kwenye miswada, ambako ndiko tungejifunza kitu, wanaitikia kwa pamoja.

Tuje kwenye shilingi. Wanaofuatilia wanajua, Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi kupitisha mafungu ya bajeti ya wizara, mbunge ambaye hajaridhika na majibu anatishia kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kuzuia fungu lisipite, mpaka apate maelezo. Hapo ndipo penye utamu wote, klipu inatoka, mheshimiwa kakunja uso, anagonga meza, "nisipopata majibu natoa shilingi", kijiwe kizima tunashangilia. Klipu inakatwa hapo hapo. Ila ukiwa na uvumilivu wa kwenda kwenye Hansadi unasoma kilichofuata: Waziri anasimama, anaahidi kwamba jambo limechukuliwa na litafanyiwa kazi, mheshimiwa anashukuru kwa majibu mazuri na anarudisha shilingi. Na mchana kwenye mchango wake alikuwa ameisema wizara vibaya dakika zote, kengele ya pili ya kumaliza muda ikagonga, akamalizia "naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja". Mimi nikitaka kumjua mbunge siku hizi naanza kusoma kutoka chini kwenda juu, namtafuta alimalizaje, maneno ya katikati nayasoma baadaye kwa burudani.

Ndiyo maana zile namba za michango kwenye tovuti siziamini sana kama watu wanavyoziamini. Uchaguzi ukikaribia unaona mabango, mheshimiwa amechangia mara kadhaa, ameuliza maswali kadhaa. Swali la kuuliza lami ya jimboni na salamu za pongezi zote zinahesabiwa mchango. Kuna aina ya swali la nyongeza naliona sana: "je, Waziri yupo tayari kuongozana na mimi baada ya Bunge hili kwenda kujionea?" Naibu Waziri anajibu "nipo tayari". Swali limehesabiwa, jibu limehesabiwa, na safari yenyewe hata hatujui kama ilifanyika. Au jibu linakuja kwamba ujenzi utafanyika kadri ya upatikanaji wa fedha. Mbunge mzuri kwangu mimi ni yule ambaye baada ya mwaka anarudi na swali lile lile akiwa ameshika lile jibu la kwanza mkononi, anamwambia Waziri tarehe fulani ulisema hivi. Hilo namba haikuonyeshi, mpaka usome.

Na kusoma kwenyewe sio kazi ya usomi. Unafungua lile faili, unatafuta kwanza neno la jambo lako, sio jina la mbunge. Chukulia ziwa letu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, mialo ya Kibirizi na kwingine ikapoa, wamama wa dagaa wakabaki wanaangalia chanja tupu, na wakati huo huo Bunge lilikuwa Dodoma kwenye mkutano wa bajeti. Basi unaandika Tanganyika kwenye kutafuta, unaona nani alilitaja, kabla ya kufungwa au baada, aliomba nini hasa, aliomba fidia, mikopo, vizimba vya kufugia samaki, au alisema tu wananchi wangu wanateseka. Mkoa wetu una majimbo nane, sitataja jimbo langu wala mbunge wangu maana sijaja kugombana na mtu, lakini kila msomaji wa huku anaweza kufanya hiyo kazi jioni moja na akapata jibu lake mwenyewe. Vivyo hivyo kwa reli ya kisasa, ule mkataba wa kipande cha Tabora kwenda Kigoma cha kilomita 506 ulisainiwa Desemba 2022, na siku hizi kila mwanasiasa unayekutana naye ndiye aliyeileta yeye.

Watu wa Kigoma hatujaanza leo kufuatilia Bunge. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati ule mbunge wa Kigoma Kaskazini, aliposimamishwa kuhudhuria Bunge kwa ile hoja ya mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, Spika akiwa jirani yetu wa Urambo marehemu Samuel Sitta, redio zilikuwa hazizimwi. Wengine walimlaumu Spika, wengine walimtetea, ila kila mtu alikuwa amesikia kwa masikio yake. Ndiyo maana Januari 2016 iliposemwa kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena Bunge moja kwa moja kwa sababu ya gharama, huku watu walichukia kwelikweli. Leo matangazo yapo mtandaoni, sawa, tunashukuru, lakini kuona sio sawa na kuwa na kumbukumbu, kamera haiwezi kukuonyesha mdomo wa kila mmoja wakati wanaitikia.

Na asije mtu akasema haiwezekani kuita majina kwa sababu ya muda. Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014, mwenyekiti akiwa huyo huyo Sitta, lilikuwa na wajumbe zaidi ya mia sita na walipiga kura mmoja mmoja, tena baada ya ugomvi mrefu wa kura ya wazi au ya siri mpaka wakaamua kila mtu achague anayoitaka. Hata waliokuwa Makka kwa hija walitafutiwa utaratibu. Ikishindikana kwa mdomo si kuna vitufe? Marekani baraza lao la wawakilishi lilianza kupiga kura kwa mashine tangu 1973, na katiba yao inasema moja ya tano ya waliopo ukumbini wakitaka, ndiyo na siyo za kila mmoja ziandikwe kwenye kumbukumbu. Kwa jirani zetu Kenya wapo watu wa Mzalendo ambao kazi yao ni kuwafuatilia wabunge nani anaongea na nani kanyamaza.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipuuza. Rafiki yangu mmoja mwalimu mstaafu aliniambia, mwanangu, unataka kumuua huyo mbunge. Kwa Katiba yetu mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini ubunge umekwenda, Ibara ya 71 hiyo. Kwa hiyo majina yakiandikwa, wa kwanza kuyasoma hatakuwa mimi wa Mwanga, atakuwa mkubwa wake kwenye chama, na yule aliyekuwa anathubutu kusema "siyo" kwa sauti ya kujificha kwenye kundi naye ataacha. Nimelifikiria sana hili na nakiri lina uzito. Lakini hebu tuseme ukweli, hiyo "siyo" ya kujificha imetusaidia nini mpaka sasa? Haishindi, haiandikwi, na mimi mpiga kura siwezi kumlipa fadhila aliyeisema maana simjui. Kama chama kinamjua na mimi nisimjue, basi ana bwana mmoja tu. Bora tujue wote.

Kamati nazo sijazigusa, huko ndiko kazi kubwa inakofanyika kabla muswada haujafika ukumbini na huko sisi hatuoni karibu chochote, wala vikao vya baraza la madiwani ambako mbunge naye ni mjumbe, wala ule Mfuko wa Jimbo ambao yeye ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Hayo yanahitaji barua yake.

Ombi langu la kwanza ni kwa wabunge wapya wanaoingia kwenye kutengeneza Kanuni za Bunge: muswada wowote ukifika kusomwa mara ya tatu, majina yaitwe au vitufe vibonyezwe, na orodha iwekwe kwenye Hansadi ya siku hiyo hiyo pamoja na ambao hawakuwepo. Mahudhurio nayo yatolewe, maana mbunge akikosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika anapoteza kiti, sasa sisi tutajuaje kama amefika miwili?

La pili ni kwako wewe Mhariri. Gazeti lako kila wiki lina ukurasa mzima wa msimamo wa ligi, timu imecheza ngapi, imeshinda ngapi, imefungwa ngapi. Tunaomba kila mkutano wa Bunge ukiisha mtutolee jedwali la namna hiyo la wabunge wa Kigoma na Tabora, robo ukurasa inatosha: aliuliza nini, aliahidiwa nini na Waziri gani, shilingi aliyoishika aliirudisha kwa jibu lipi, na kwenye kura ya bajeti alisema nini. Safu ya kura za miswada muiache wazi na muandike haijulikani, kila mara, mpaka wao wenyewe waone aibu. Kama hamna mtu wa kusoma Hansadi, hapa kijiweni tupo, mtutumie tu bando.

Wako,
Msomaji, Mwanga, Kigoma