Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dozi ya warfarin ipimwe kwa damu yetu

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Jamhuri ya Kenya,

Nakuandikia kuhusu warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo aliyewekewa vali ya bandia ya chuma moyoni huimeza maisha yake yote. Nafanya kazi ya maabara Mombasa na damu za wagonjwa hawa hupitia mikononi mwangu. Dawa ikipungua, damu huganda kwenye vali. Ikizidi, mtu hupiga mswaki asubuhi na fizi zikakataa kukoma kutoka damu. Wawili wa umri mmoja na uzito mmoja humeza kidonge kile kile cha miligramu 5. INR, namba inayopanda kadiri damu inavyochelewa kuganda, kwa huyu haifiki 2, kwa mwenzake imepita 6.

Chakula na dawa nyingine huchangia, lakini jeni zina sehemu kubwa. Warfarin huvunjwa kwenye ini na kimeng'enya kinachotokana na jeni iitwayo CYP2C9. Aina namba 2 ya jeni hiyo hufanya kazi polepole, dawa ikajazana mwilini. Mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba aina hiyo ilirithiwa kutoka kwa Waneanderthali, binadamu wa kale wa Ulaya na Asia waliotoweka yapata miaka 40,000 iliyopita. Watu waliotoka Afrika walizaa nao, na hadi leo takriban asilimia 2 ya DNA ya Wazungu na Waasia ni urithi huo.

Urithi huu umefika kwetu pia. DNA ya mifupa kutoka makaburi ya miji ya kale ya Waswahili kama Mtwapa, Manda, Faza na Kilwa, iliyochapishwa mwaka 2023, ilionyesha kwamba wengi wa waliozikwa humo walitokana na kina mama wa Kiafrika na kina baba waliotoka hasa Uajemi. Kina baba hao hawakukosa kuja na chembe za Waneanderthali. Lakini Pwani ya leo ni mchanganyiko: mwenye asili nyingi ya Asia anapakana ukuta na asiye nayo kabisa, na jina la ukoo halimwambii daktari lolote.

Na asiye nayo hajasalimika. Waafrika tuna aina zetu, kama namba 8, nazo hupunguza kasi ya kuivunja dawa. Katika jaribio la COAG la Marekani, mwaka 2013, wagonjwa weusi waliopangiwa dozi kwa kanuni ya jeni walifanya vibaya kuliko waliopangiwa kwa kanuni ya kawaida. Kanuni ile haikuwa na aina za Kiafrika.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, usiruhusu hospitali zetu zinunue kipimo kinachotazama aina za Wazungu pekee. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wana maabara Kilifi. Wape fedha wapime CYP2C9 za wagonjwa wa warfarin wa Pwani, kwa ridhaa yao, na taarifa zibaki nchini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu taarifa za jeni kuwa nyeti. Kazi hiyo itachukua muda. Wakati inaendelea, peleka vifaa vya INR katika hospitali za kaunti ndogo, ili mgonjwa wa Faza asilazimike kupanda boti kwa ajili ya tone moja la damu.

Wako mwaminifu,
Mhudumu wa maabara, Mombasa