Kwa mdogo wangu uliyetoka nje siku ya mahari yako

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu ujumbe wangu wa WhatsApp una tiki mbili za buluu tangu Ijumaa na hujajibu. Jina lako silitaji. Wanaokujua watakujua, na wasiokujua wasome tu, huenda nao wana ndugu wa aina yako.

Turudi siku ile Lushoto. Mwezi wa saba, ukungu umekaa hadi mlangoni, wazee wamejitanda mablanketi juu ya makoti. Mshenga wetu alishamaliza kuzunguka mbuyu, wenzetu walishataja ng'ombe, tulishaomba tupunguziwe. Baba mkwe wako akainuka kwenda kabatini kutoa daftari. Akachomoa mfukoni bunda la funguo, akawa anautafuta ufunguo mmoja baada ya mwingine, zinagongana. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, karibu na mlango wa jikoni, nakuona vizuri. Ulianza kusugua goti kwa kiganja. Kisha ukasimama, ukapita mbele ya wakwe bila hata kuomba radhi, ukaenda kusimama kwenye migomba. Mshenga, Mungu ambariki, akasema kijana kapigiwa simu ya kazini.

Simu yako ilikuwa kwenye mkoba wangu.

Nilipokufuata uliniambia ndani kuna joto. Joto, Lushoto, mwezi wa saba! Ila nilikutazama usoni, na hukuwa unanidanganya. Uliamini unachosema. Ndiyo maana sikukugombeza, na ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kuna jaribio moja lililofanyika Marekani miaka ya 1970 ambalo tangu siku hiyo halinitoki kichwani. Wagonjwa wa kifafa kikali walikuwa wamekatwa mishipa ya fahamu inayounganisha nusu mbili za ubongo, kwa hiyo nusu moja haikupata habari za mwenzake. Michael Gazzaniga na mwanafunzi wake Joseph LeDoux walimwonyesha mgonjwa mmoja picha mbili kwa wakati mmoja. Nusu ya kushoto, ile inayozungumza, iliona ukucha wa kuku. Nusu ya kulia, isiyo na maneno, iliona theluji imefunika nyumba. Akaambiwa achague kadi zinazoendana na alichoona. Mkono wa kulia, unaoongozwa na nusu ya kushoto, ukachagua kuku. Mkono wa kushoto, unaoongozwa na nusu ya kulia, ukachagua beleshi, kwa maana kwao theluji huzolewa kwa beleshi. Akaulizwa kwa nini. Mdomo, ambao haukuwa na habari yoyote ya theluji, ukajibu bila kusita kwamba ukucha ni wa kuku, na beleshi ni la kusafishia banda la kuku.

Hakubabaika hata kidogo. Hakusema "sijui". Alikuta mkono umeshafanya jambo, akautafutia sababu inayokaa sawa, na akaiamini mwenyewe.

"Ndani kuna joto" yako ni lile banda la kuku. Na si ya kwanza. Kazi ya duka la jumla uliiacha wiki ileile uliyokabidhiwa funguo za stoo, ukasema mshahara mdogo, mshahara uleule ulioufurahia mwezi mmoja kabla. Kwenye daladala hukai ila siti ya mlangoni, unasema miguu mirefu. Mjomba alipokuachia nyumba uilinde ulilala kwa jirani, ukasema mbu. Kila sababu ukiichukua peke yake inapita. Mimi nimekaa nazo zote miaka mingi, ndiyo kazi ya dada mkubwa.

Nyumbani kila mtu ana jibu lake. Shangazi anasema una jini asiyependa chuma. Baba mdogo anasema huna adabu. Mama ndiye mpole, anasema tabia ni ngozi, ndivyo ulivyoumbwa. Hilo la mama ndilo linaloniudhi zaidi, maana linafunga mjadala.

Wataalamu wana jina la hiki ninachokizungumza. Wengine hutafsiri "akili isiyo na fahamu", jina linalonipa picha ya mtu aliyezimia. Mimi nasema akili ya ndani, ile inayotusukuma kufanya jambo bila sisi wenyewe kujua sababu. Freud, daktari wa Vienna, ndiye aliyeifanya maarufu, na kwa maoni yangu alitia chumvi: kila ndoto kwake ilikuwa na tamaa iliyojificha, na ukimkatalia anasema kukataa kwako ndio ushahidi. Jung, Mswisi aliyekuwa rafiki yake kabla hawajakosana, ananivutia zaidi kwa jambo moja dogo. Alimsomea mtu maneno 100, moja moja, ajibu kwa neno la kwanza linalomjia, huku saa mkononi. Hakutazama jibu tu, alitazama pia kuchelewa. Penye kidonda, mtu husita. Ningekuwa na saa ya namna hiyo ningekukalisha kibarazani: mkeka, mvua, chai, funguo. (Huyuhuyu Jung alishuka Mombasa mwaka 1925, akapanda hadi mlima Elgon kuwauliza wazee ndoto zao. Mganga mmoja akamwambia tangu wazungu waje hawaoti tena, Mkuu wa Wilaya anajua kila kitu.)

Lakini aliyenifungua macho ni daktari mwingine, Édouard Claparède wa Geneva. Mwaka 1911 aliandika habari za mwanamke aliyepoteza uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya, hata waliomhudumia kila siku hakuwatambua. Siku moja Claparède alificha pini katikati ya vidole, akamsalimia kwa mkono, pini ikamchoma. Punde akasahau kabisa. Baadaye daktari akanyoosha tena mkono, mwanamke akaurudisha wake nyuma. Kwa nini? Hakujua. Akasema tu huenda watu huficha pini mikononi.

Kisa kilifutika, woga ukabaki. Siku hizi inajulikana kwamba ubongo hautunzi vyote kapu moja: sehemu inayoitwa hipokampasi hutunza visa, na nyingine ndogo yenye umbo la lozi, amigdala, hujifunza cha kuogopa. Yule LeDoux wa beleshi alikuja kutumia miaka mingi kuichunguza hiyo. Na wengi wetu hatukumbuki lolote la kabla ya miaka mitatu, ingawa tulikuwepo, tukisikia na kuona yote.

Wewe ulikuwa hujafikisha mitatu. Mimi nilikuwa na minane, na nilikuwepo.

Hapa nanyamaza, na usinikasirikie. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na mwenzake walichapisha jaribio la watu 24. Kila mmoja alipewa visa vinne vya utotoni, vitatu vya kweli kutoka kwa ndugu zake, kimoja cha uongo: kwamba aliwahi kupotea dukani. Karibu robo yao walikikumbuka kile cha uongo, wengine wakakiongezea na nyama. Nikikusimulia, kesho utaniambia unakumbuka, na hatutajua tena kipi ni chako na kipi nimekutilia mimi. Nimeshakutajia funguo, na hilo peke yake ni kosa. Tena kumbukumbu ya mtoto wa miaka minane nayo si msahafu. Huenda nimeunganisha mambo yasiyohusiana.

Nimeandika ninachokikumbuka kwenye karatasi, nimekitia kwenye bahasha, nimegundisha, kipo ndani ya kopo la biskuti la mama, chini ya nyuzi na vifungo. Mpigie mama mdogo wa Korogwe, yeye alikuwa akiishi nasi mwaka ule. Muulize kuhusu nyumba ya zamani, basi. Usimtajie funguo, usimwambie nimeandika. Acha aanze anapotaka mwenyewe. Ukishamsikiliza, njoo tufungue bahasha tulinganishe.

Ila kabla ya yote mpigie wifi. Jana aliniuliza, "Dada, kwani mdogo wako ananikataa?" Sikuwa na la kumjibu. Tunarudi kwao Jumamosi ya wiki ijayo. Nimeshamwomba mshenga akuwekee kiti cha mlangoni.