Shukrani kwa mzee wa Posta

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Nilizoea kukuita mzee tu, jina sikukuuliza, na hilo linaniuma.

Riwaya yangu niliichapisha mwenyewe, nakala 300, kwa akiba yangu yote, nikawa naiuza mkononi pale Posta, Dar es Salaam. Ulinunua moja. Wiki mbili baadaye ukairudisha imejaa alama za penseli: herufi zilizorukwa, maelezo yaliyojirudia sura ya tano, hata mhusika aliyebadilika jina katikati. Hakuna aliyewahi kunisoma hivyo. Ukaniambia, "Mwanangu, hadithi unayo. Unachokosa ni mhariri. Peleka mswada kwa mchapishaji."

Nilipopewa mkataba uliupitia mstari kwa mstari kwenye benchi la muuza kahawa. Ulinionyesha kifungu kilichompa mchapishaji haki zote, za tafsiri na filamu pia, ukanifundisha kudai asilimia ya mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, na tarehe ya malipo viandikwe wazi. Wakakubali kurekebisha!

Kitabu kimetoka. Nakala yako natembea nayo begini kila nipitapo Posta. Ukisoma haya, muulize yule muuza kahawa. Namba yangu anayo.