Mruko wa tatu

Toronto, Jumapili usiku

Zuhura shoga yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Sisi wazima, ila baridi inatutia adabu.

Umenichekesha na ule ubishi wenu, wewe unasema msichana wa tangazo ni mwanamitindo tu, mwanao anasema ni mwanamichezo. Mwanao kapatia, mwombe radhi. Yule msichana uliyemwona kwenye tangazo la mikoba ya Louis Vuitton ni mwanamichezo kweli. Anaitwa Eileen Gu, Wachina humwita Gu Ailing. Kazi yake ni kuteleza na kuruka kwenye theluji, miguu imefungwa kwenye ski mbili, zile mbao ndefu za kutelezea, na mikoba hiyo imemfuata huko huko kwenye theluji.

Ngoja nikusimulie mruko mmoja tu. Ni Beijing, Februari 2022, Olimpiki ya majira ya baridi. Njia ya kurukia waliijenga kwenye kiwanda cha zamani cha chuma, nyuma yake imesimama minara minene ya kupozea maji, mlima hakuna. Kila mtu anaruka mara tatu, inahesabiwa miwili iliyo bora. Eileen akabakiwa na mmoja, na Mfaransa Tess Ledeux yuko mbele yake. Akampigia mama yake simu. Mama akamshauri arudie ule aliouzoea, apate medali yake ya fedha salama. Binti hakusikia! Akaenda kujaribu mruko ambao hajawahi kuufanya mashindanoni: kujipindua na kuzunguka hewani mara nne na nusu, akizungukia kushoto. Akatua wima. Alama zake 188.25 kwa 187.50 za Tess. Alikuwa na miaka 18.

Tess alipoishiwa nguvu akalia pale chini, Eileen akamwendea kumbembeleza. Hapo ndipo aliponikamata mimi.

Kabla michezo haijaisha akaongeza medali moja ya fedha na dhahabu nyingine. Katika ski za aina yake, kabla yake hakuna aliyewahi kuchukua medali tatu kwenye Olimpiki moja.

Sasa maneno. Kazaliwa San Francisco mwaka 2003, baba Mmarekani, mama Mchina, na 2019 akatangaza kwamba atashindania China. Huko anapendwa, sura yake imejaa kila mahali. Marekani wapo wanaomwita msaliti. China hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo waandishi hawachoki kumuuliza ana pasi ipi, naye hachoki kulikwepa swali. Husema akiwa Marekani ni Mmarekani, akiwa China ni Mchina. Pesa nazo zimo, tusidanganyane, soko la China si dogo. Lakini mimi nitamhukumu vipi? Wanangu ukiwauliza kwao wapi, jibu linategemea siku hiyo nimepika nini.

Mwambie mwanao autafute mruko huo wa tatu, auangalie polepole na kuhesabu mizunguko. Mimi hupotea kwenye mzunguko wa tatu.

Na ile bizari uliyoniahidi, mbona kimya?

Wako,
Mwanaidi