Barua kwa mwanangu: lile gauni la zambarau

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema wenzako bwenini wameniona tena kwenye TV, kwenye ile filamu yangu ya zamani, namfukuza mkamwana kwa mwiko, wakakuuliza mama yako analipwa shilingi ngapi wakiirudia, nawe ukakosa la kusema. Waambie halipwi kitu. Nililipwa mara moja, siku tuliyomaliza kurekodi, na fedha ile ndiyo iliyonunua godoro na tranka lako la kidato cha kwanza.

Tulirekodi Mbezi, nyumba ya kukodi. Skripti hakuna, dairekta anakueleza sini, maneno utayatoa mwenyewe. Nguo unakuja nazo. Lile gauni la zambarau nililivaa siku nne mfululizo kwa kuwa hadithi yote ni ya siku moja. Usiku nalifua, asubuhi nalivaa bichi. (Ndiyo maana shangazi yako nilimnyima asilivae harusini. Mpaka leo amenuna.) Kisha kazi ikaenda kwa wasambazaji Kariakoo, ikakatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, ili mteja anunue mara mbili.

Karatasi ya malipo niliisaini juu ya boneti ya gari, giza linaingia, nawaza daladala. Ilisema nimeuza haki zote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikuwepo tangu 1999, na hiyo hakishiriki, yaani haki ya anayeicheza kazi, si ya aliyeitunga tu, inamgusa mwigizaji hasa. Neno lenyewe nimekuja kulijua nilipokuwa nimeshauza.

Mwaka 2012 tulimzika mwigizaji mwenzetu Kanumba pale Kinondoni. Kwa umati ule nikasema sanaa yetu sasa imekuwa kubwa. Mwaka 2018 Mzee Majuto akaugua, mtu aliyetuchekesha miaka yote ile, na habari za mikataba yake zikafika mpaka kwa waziri. Hapo ndipo nilipoitoa karatasi yangu kabatini nikaisoma yote, mara ya kwanza.

Usidhani naichukia kazi. Wiki ile filamu ilipotoka, muuza nyanya sokoni alinigomea. "Sikuuzii mpaka umrudishe yule mtoto wa watu nyumbani." Nikajieleza kwamba naigiza tu, akageuza uso. Nilirudi bila nyanya, nacheka njia nzima, na usiku tukala mchuzi mweupe. Wewe ulilalamika.

Sasa hili la kuitwa kwenye tamthilia umelitaja mwishoni kabisa, kama mtu anayeomba hela. Nimeliona. Unasema mkataba ni kurasa sita na jamaa anautaka kesho. Mwambie mama yako anaumwa, au mwambie lolote, ila usisaini. Zipige picha kurasa zote sita unitumie, na nyuma pia kama kuna maandishi. Nauli ya Ijumaa nimeshaituma kwenye simu yako.

Mama