Mwenye ndugu anayewinda ng'ambo amwambie aache risasi za ledi

Mhariri,

Huku kwetu Nakuru hakuna kuwinda, serikali ilipiga marufuku tangu 1977 na mimi naomba ibaki hivyo, lakini sai watu wetu wako Marekani na Sauzi na wengine wameanza kwenda kuwinda kulungu na swala na wenyeji wa huko, wanatuma picha kwa WhatsApp ya familia halafu ubishi unaanza, risasi gani ndio kali. Wengi wanasema kubwa ndio poa. Si hivyo.

Cha kuangalia ni vile inafanya ikishaingia mwilini. Ile ya ganda gumu mpaka kwa ncha, kama ya jeshi, inaweza kupita mnyama ikatokea upande ule mwingine bila kufunguka, anakimbia na kidonda anaenda kuteseka kichakani na hapatikani tena. Majimbo mengi Marekani yanaikataza kwa kulungu. Inatakiwa ya ncha laini, ile inafunguka kama uyoga, na bunduki ya saizi ya 30-06 yenye risasi ya greni 150 au 165 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) ikipigwa kwa moyo na mapafu inatosha kabisa. Pofu, yule swala mkubwa sana, ni hesabu ingine, dume anaweza kufika kilo 900.

Sasa kinachoniuma ni ledi, ile metali nzito yenye sumu. Risasi nyingi ndani ni ledi, na ikigonga mfupa inavunjika vipande vidogo sana, vingine huwezi kuviona, vinasambaa kwa nyama mbali na shimo na hiyo nyama inaenda kwa sahani ya mtoto, na ledi inaharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Matumbo yakiachwa porini yanaliwa na ndege. Kondori wa California, ndege wakubwa wala mizoga kama tumbusi, walibaki 22 pekee mwaka 1982, ledi ikiwa moja ya sababu kubwa, na tangu Julai 2019 huko huruhusiwi kuwinda na risasi ya ledi. Sisi tunaokaa karibu na Hell's Gate tunaona tumbusi wanaotaga kwa ile miamba, tunajua vile sumu imewamaliza ndege kama hao hapa Kenya, tusikubali watu wetu wafanye hivyo kwa ndege wa huko.

Anunue za shaba tupu. Bei iko juu kidogo, na kwa vile shaba ni nyepesi kuliko ledi achukue greni zilizopungua, kama 150 pale angetumia 165, na azijaribu kwa shabaha kabla ya kwenda porini juu kuna bunduki hazielewani nazo. Kama alishapiga na ya ledi basi akate nyama yote ya karibu na shimo atupe, na ile inayobaki asiwape watoto wala mama mjamzito.

Msomaji wenu,
Naivasha